Uzi: Maneno ya Kiingereza ya kulaumu na kukosoa, uzito wake, na mahali tunapojikwaa

Mfasiri wa Ngara (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu, ninafungua uzi huu kwa sababu ya barua moja iliyopita mezani kwangu miaka michache iliyopita, nami ninaikumbuka kila ninapoketi kufasiri. Wafanyakazi wa taasisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, walikuwa wamecheleweshewa marupurupu yao kwa miezi mitatu, wakamteua mwenzao awaandikie wakuu kwa Kiingereza. Aliandika kwa ufasaha, bila kosa hata moja la tahajia, na katika aya ya pili akaweka sentensi hii: "We hereby reprimand the management for the delay." Alichotaka kusema ni kwamba wanalalamika. Walichosoma wakuu ni kwamba waajiriwa wamejitwalia cheo cha kuwakaripia waajiri wao, na jibu lililorudi halikugusa marupurupu hata kidogo, bali lilihusu utovu wa nidhamu tu. Mimi nililetewa barua zote mbili nizifasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya kikao cha upatanisho, na nilipofika kwenye neno lile niliweka kalamu chini, kwa sababu niliona kwamba mgogoro mzima ulikuwa umehama kutoka kwenye fedha hadi kwenye kitenzi kimoja.

Mwandishi yule hakukosa msamiati. Tatizo ni kwamba kamusi nyingi tunazozitumia hueleza kwamba "reprimand" ni kukemea au kukaripia, kisha zikanyamaza, bila kutuambia ni nani mwenye haki ya kumkaripia nani. Katika Kiingereza neno hilo hushuka kutoka juu kwenda chini: mkuu humkaripia aliye chini ya mamlaka yake, tena mara nyingi kwa maandishi yanayobaki katika faili. "Rebuke" pia hutoka juu, lakini halihitaji ofisi. Mzee anaweza kumkemea kijana njiani na ikawa "rebuke" kamili. "Admonish" huchanganya onyo na nasaha, na anayeonywa bado anahesabiwa kuwa mtu wa kurekebishika. "Reproach" ni neno la ubavuni, la anayelalamika kwa sababu ameumizwa na mtu aliyemwamini, kama ndugu anavyomwambia ndugu, "Sikutarajia hili kutoka kwako." Nalo "criticise" halina cheo kabisa, na mtu yeyote anaweza kulitumia kumhusu mtu yeyote, pamoja na rais wa nchi.

Kwa Kiswahili mambo haya tunayajua tangu utotoni. Hakuna aliyelelewa vizuri atakayesema, "Nilimkaripia babangu." Atasema alimweleza, alimlalamikia, au kwa ujasiri mkubwa alimpinga. Hisia hiyo ya daraja tunayo, lakini tukivuka kwenda Kiingereza tunaiacha ng'ambo, tukichagua neno kwa kuwa ni refu na lina mlio wa ofisi.

Naomba pia tulitazame vizuri neno letu "kukosoa", kwa maana linanipa furaha kila nikilichambua. Ni "kosa" lililotiwa kauli ya kutendua, ile ile tunayoiona katika "funga" na "fungua", "ziba" na "zibua". Kwa hiyo kukosoa, kwa umbo lake, ni kuliondoa kosa, kama mtu anavyoondoa mwiba. "Criticise" ina asili nyingine. Imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuhukumu na kupambanua, na katika matumizi ya kila siku imeelemea upande wa hukumu: anayefanya hivyo ameona kasoro na ameitaja, na si lazima awe ameiondoa. Ndiyo maana mwalimu anayesema kwa Kiswahili, "Nimekosoa insha yako," husikika kama msaidizi, ilhali akisema, "I have criticised your essay," mwanafunzi hushtuka. Kwa Kiingereza angesema "I have corrected your essay", au "marked" ikiwa ametoa alama.

Karibuni tuyajadili. Mwenye mfano kutoka kazini au darasani aulete.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Ndugu Mfasiri, nakushukuru kwa kulileta jambo hili. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza jambo ambalo wengi hulidharau kwa kuwa ni dogo kwa umbo, yaani vihusishi. Kiswahili kimetujalia "kwa", na "kwa" hufanya kazi zote: alimlaumu kwa kuchelewa, alimshutumu kwa wizi, alimkemea kwa uvivu. Mwanafunzi akihamia Kiingereza huitafuta "kwa" moja, akaipata "for", akaibandika kila mahali. Ataandika "He accused him for stealing", ilhali "accuse" hutaka "of". Ataandika "charged of murder", ilhali "charge" hutaka "with". "Criticise", "blame", "condemn" na "reprimand" hukubali "for" bila shida, na hapo ndipo anapodhani kanuni ni moja. Kisha kuna "blame", ambayo ina milango miwili: unaweza kumlaumu dereva "for the accident", au ukaiweka ajali "on the driver". Mwanafunzi huichanganya milango hiyo na kuandika "blamed the accident for the driver", na hapo ajali ndiyo inayobeba lawama badala ya dereva.

"Object to" nayo ina mtego wake. Ile "to" ni kihusishi, si alama ya kitenzi, kwa hiyo huandikwa "I object to paying twice", wala si "to pay twice". Sijui ni mara ngapi nimesahihisha jambo hili.

Lakini linalonikera zaidi ni "disapprove". Yenye "of" na isiyo na "of" si kitu kimoja. Mama akiwa "disapproves of the marriage", haridhii moyoni, ingawa harusi inaweza kufungwa na akahudhuria. Kamati ikiwa "disapproved the application", imekataa kuidhinisha, na ombi limekufa. Kihusishi kimoja kidogo hutenganisha hisia na uamuzi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba kwa Kiswahili tuna vitenzi viwili tofauti kwa kazi hiyo, "kutoridhia" na "kutoidhinisha", nao wakishaviweka vyote viwili akilini hawakosei tena.

Kuhusu mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya sekondari, walimu wenzangu watakubaliana nami kwamba katika karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, mara nyingi mtahiniwa huulizwa mtazamo wa mhusika au wa nafsineni, yaani anayesema katika shairi, na wengi hujibu "negative". Jibu hilo ni kama kumwambia daktari kwamba unaumwa, ukakataa kusema ni wapi. Mtazamo unaweza kuwa "critical", yaani anaona kasoro na anazitaja. "Disapproving", yaani haridhiki. "Contemptuous" au "scornful", yaani anadharau. "Bitter", yaani ameumia na bado uchungu haujamtoka. Au "resentful", yaani anaweka kinyongo. Anayedharau huangalia chini na anayeweka kinyongo huangalia juu. Ukijua msemaji amesimama wapi, neno hujitokeza lenyewe.

Karani wa Enterprise Road

Nimefanya kazi katika ofisi ya wafanyakazi wa kiwanda kwa muda wa kutosha kujua kwamba Kiingereza cha lawama kinachotumika katika ofisi za Nairobi kina kanuni zake, nazo hazimo katika kamusi. Barua karibu zote huanza kwa "It has been noted with concern that…" au "It has come to my attention that…", na mfanyakazi akiona maneno hayo tu, kabla hajafika kwenye jina la kosa, mikono huanza kutetemeka. Ukizichunguza utaona hazina mtendaji. Ni nani aliyegundua? Ni nani aliyepata wasiwasi? Hakuna. Lawama imeshuka kama mvua, na huwezi kuiuliza mvua imetoka kwa nani.

Nataka kulitaja hapa jambo la sheria ambalo wengi hawalifahamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili amweleze sababu hiyo katika lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wakati wa maelezo hayo. Sheria haikutaja Kiingereza. Imesema lugha anayoielewa. Hata hivyo nimeona barua za kumtaka mtu ajieleze zikiandikwa kwa Kiingereza kizito na kukabidhiwa mpakiaji mizigo ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabu magunia, naye akajibu, "I am sorry for everything," kwa kudhani anaonyesha adabu. Jibu hilo husomwa kama kukiri. Alikuwa ameomba radhi kwa kusumbua watu, si kwa kuiba, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo mimi ninaona kwamba uzito wa maneno haya si suala la ufasaha tu. Kuna mkate wa mtu ndani yake.

Mfasiri wa Ngara

Karani, umenigusa. "Sorry" ni neno la hatari kwa sababu linabeba pole na samahani kwa pamoja, na sisi tuna maneno mawili. Mtu akifiwa tunampa pole, wala hatumwombi samahani. Mpakiaji wako alitoa pole, nao wakapokea samahani. Ningependa kila ofisi inayoandika barua za aina hiyo iweke nakala ya Kiswahili kando yake, na isiwe nakala ya mtandao bali ya mtu aliyeketi na kufikiri.

Nina jambo dogo ambalo sikubaliani nawe. Kauli ya kutendwa si uovu kila mara. Mdogo anapomkosoa mkubwa, kumwondoa mtendaji ni adabu, nasi tunafanya hivyo hivyo kwa Kiswahili tunaposema, "Nadhani kuna kosa lililoingia hapa," badala ya, "Umekosea." Kiingereza nacho kina "There seems to be an error in the figures", na mhasibu mdogo anaweza kumwandikia mkurugenzi sentensi hiyo bila kuhatarisha kazi yake. Uovu huanza pale mwenye nguvu anapojificha nyuma ya "mistakes were made" ili kosa lisiwe na mwenyewe.

Mwalimu, kuhusu "critical", naomba niongeze kwamba neno hilo limewapotosha waandishi wengi. Mgonjwa aliye "in a critical condition" yu mahututi. Mbunge aliye "critical of the budget" anaikosoa bajeti. Maji yaliyo "critical to the project" ni ya lazima kwa mradi. Ni umbo moja lenye maana tatu, na kwa kawaida kinachozitenganisha ni neno linaloandamana nalo. Nimewahi kusahihisha tafsiri iliyosema kwamba waziri fulani alikuwa mahututi kuhusu bajeti.

Binti Mvita, South C

Assalaam alaykum nyote. Mimi nimezaliwa Mombasa na ninaishi Nairobi, na nina malalamiko yangu juu ya neno "kusuta". Magazeti ya Kiswahili ya huku bara yamelifanya kuwa tafsiri ya kila lawama: mbunge amemsuta gavana, kocha amesuta wachezaji. Kwetu kusuta ni jambo mahususi. Mtu amekusengenya au amekuzulia, nawe umepata ushahidi. Unamfuata alipo, na mara nyingi unakwenda na aliyekuambia, ili msengenyaji asimamishwe uso kwa uso na maneno yake mwenyewe, mbele za watu, ashindwe kuyakana. Bila ushahidi hakuna kusuta. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachotosha hapo. "Confront" hukaribia, lakini haina wale mashahidi wala haina ile aibu. Kwa hiyo mfasiri akikutana na "criticise" akaandika "suta", amemtwika msemaji ushahidi ambao pengine hana.

"Kukashifu" nayo ina hadithi kama hiyo. Asili yake ya Kiarabu ni kufunua, kuweka wazi kilichofichwa, na ndiyo maana kashfa ni aibu iliyofichuka. Nikisoma kwamba chama fulani kimekashifu serikali kwa kupandisha kodi, najiuliza ni siri gani iliyofichuliwa, maana kodi imetangazwa hadharani. "Kimelaumu" ingetosha.

Nina jambo jingine, nalo naliandika kama mwanamke. Maneno ya Kiingereza ya lawama yana jinsia, hata kama kamusi hazisemi. "Nag" na "scold" huelekezwa kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Katika sheria ya Uingereza palikuwa na kosa la mwanamke kuwa "common scold", yaani mgomvi wa maneno anayesumbua majirani, na kosa hilo halikufutwa rasmi hadi mwaka 1967. Mwanamume akitoa malalamiko yale yale ofisini huambiwa "he raised concerns". Mwanamke huambiwa "she keeps nagging". Anayeandika kumbukumbu za mkutano na awe mwangalifu hapo, kwa kuwa kumbukumbu zitasomwa na watu ambao hawakuwepo.

Mfasiri wa Ngara

Wa alaykum salaam, Bi Mvita. Nimelipokea somo la kusuta, nami nakiri kwamba nimelitumia vibaya katika kazi zangu. Nadhani magazeti yalilipenda kwa ufupi wake. Magazeti ya Kiingereza yana tabia hiyo hiyo, kwani "slam", "blast" na "rap" zimekaa kwenye vichwa vya habari kwa sababu ni silabi moja na nafasi ya safu ni finyu, si kwa sababu kuna aliyepiga mtu. Ndani ya habari yenyewe utakuta mhusika alisema tu kwamba hakubaliani. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza kwa kusoma vichwa vya habari huja kuandika katika barua rasmi, "I wish to slam your decision," nasi tunamcheka badala ya kumwambia kwamba neno lile lina chumba chake na halitoki humo.

Mkalimani

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini mjadala umefika katika uwanja wangu. Ofisi ya Umoja wa Mataifa iko hapa hapa Gigiri, na yeyote aliyewahi kukaa katika kibanda cha ukalimani anajua kwamba katika lugha ya diplomasia maneno ya lawama yamepangwa kama ngazi, na wajumbe wanaweza kukesha wakibishana kuhusu kipandio kimoja. Chini kabisa kuna "notes with concern", kisha "expresses grave concern", kisha "regrets" au "deeply regrets", kisha "deplores", na juu yake "condemns", ambayo inaweza kuongezewa "strongly". Ngazi hii haikuandikwa katika mkataba wowote, ila kila mjumbe anaijua.

Mfano ulio wazi ni azimio la Baraza Kuu la tarehe 2 Machi 2022 kuhusu Ukraine, lililopitishwa kwa kura 141 za kuunga mkono, 5 za kupinga, na mataifa 35 yakajizuia. Kenya iliunga mkono. Katika sehemu ya utekelezaji, uvamizi wenyewe ulielezwa kwa "deplores in the strongest terms", haukuelezwa kwa "condemns". Linganisha na azimio namba 660 la Baraza la Usalama, la tarehe 2 Agosti 1990, ambalo lilisema moja kwa moja "condemns" kuhusu uvamizi wa Iraq nchini Kuwait. Anayefasiri maazimio haya mawili kwa Kiswahili akaandika "linalaani" kote kuwili amefuta tofauti ambayo wanadiplomasia waliilinda kwa makusudi.

Je, tuiweke wapi "deplore"? Wengine husema "kusikitikia", lakini hiyo ni laini mno, nayo humfanya msomaji afikirie msiba. Mimi nimezoea "kushutumu" kwa "deplore" na "kulaani" kwa "condemn", na "in the strongest terms" nikasema "vikali kabisa". Sikuridhika kamwe na uamuzi huo. Kuna tofauti nyingine: kwa Kiingereza "deplore" hulenga tendo au hali, haimlengi mtu. Husemi "I deplore you." Unaweza kumlaani mtu na tendo lake vilevile, lakini "deplore" humwachia mtu mlango wa kutokea, na hiyo ndiyo sababu diplomasia inaipenda.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Mkalimani, nimejifunza. Naomba kuuliza kuhusu "censure", kwa maana Mfasiri hakuigusa, na wanafunzi wangu walikuwa wakiichanganya na "censor".

Mfasiri wa Ngara

Mwalimu, kuchanganya huko kuna msingi, kwani maneno yote mawili yanatoka Roma ya kale, ambako "censor" alikuwa ofisa wa kuhesabu raia na kuchunga maadili yao. Mwenendo wa raia ukiwa mbaya, alimtia alama ya aibu. Kutoka hapo Kiingereza kimepata "censor", anayezuia maandishi, na "censure", lawama rasmi inayotolewa na chombo chenye mamlaka, kwa kawaida kwa kura. Mtu mmoja aliyekasirika hatoi "censure". Anayeitoa ni bunge, baraza au chama cha wanataaluma.

Hapa kwetu neno hilo lina historia inayofundisha. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na waziri wa fedha wa wakati huo, na kwa Katiba ya zamani kura hiyo ilikuwa na uzito wa kisiasa tu, kwani kuajiri na kufuta mawaziri kulikuwa mkononi mwa rais. Waziri huyo alikaa kando siku chache baadaye, ila si kura iliyomwondoa kisheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 152, inasema kwamba mbunge anayeungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote wa Bunge la Taifa anaweza kuleta hoja ya kumtaka Rais amfute kazi Waziri, na kitenzi kilichotumika ni "dismiss". Kutoka "censure" hadi "dismiss" ni safari kutoka kwenye lawama hadi kwenye upanga. Mwandishi anayeziita hoja zote mbili "censure motion", au kwa Kiswahili "hoja ya kumlaumu waziri", hampi msomaji picha kamili ya kilicho hatarini. Kwa hoja ya sasa mimi huandika "hoja ya kumwondoa waziri", nami huiacha "kumlaumu" kwa ile ya zamani.

Kijana wa Kayole

Shukrani kwenu nyote, wakubwa wangu. Mimi nina jambo la leo leo, na ndilo lililonileta. Wakala wa nyumba ninayopanga amenitoza maji ya uniti 11 mwezi huu, ilhali mita yangu inaonyesha uniti 4. Nimemwambia mara mbili kwa mdomo, hakushughulika. Sasa ameniambia niandike barua pepe kwa ofisi yao, na ofisi inataka Kiingereza. Nimeandika hivi: "I strongly condemn you for the water bill and I am very disappointed in your behaviours. You people are abusing me. I want to be refunded immediately or else." Baada ya kusoma uzi huu nimeogopa kuituma. Naomba msaada.

Mfasiri wa Ngara

Ndugu yangu, umefanya vyema kungoja. Hasira yako ina haki, lakini barua hii imeimwaga yote kwa msomaji, ikasahau kumwonyesha uniti saba zilizozidi.

"Condemn" ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Ni neno la mauaji, ubakaji na uvamizi wa nchi, na ukilitumia kwa bili ya maji msomaji atadhani huna kipimo, kisha hata hesabu yako ataitilia shaka. "Disappointed" ina tatizo la kinyume: kwa Kiswahili "nimesikitika" ni laini, lakini "I am disappointed in you" ni kauli ya mzazi kwa mwana au mkuu kwa aliye chini yake, na wakala atasikia kwamba unamlea. "Abusing me" hapa Kenya tunaitumia kwa maana ya kutukana, na wewe ulimaanisha kwamba wanakuonea. Msomaji wa mbali anaweza kuelewa kwamba umepigwa. "Or else" ni tishio, nalo huondoa haki mkononi mwako.

Unalolihitaji ni "object to" au "dispute". Zote mbili ni za mtu aliye sawa na mwenzake mbele ya sheria, hazipandi wala hazishuki. "Dispute" inafaa zaidi, kwa sababu hulenga hesabu, si mtu. Jaribu hivi:

"I am writing to dispute the water charge on this month's bill. I was charged for 11 units, but my meter shows 4 units used. I attach a photograph of the meter. I have raised this with your agent twice without a response. Kindly correct the bill and confirm in writing within seven days."

Lawama yote imo katika maneno "twice without a response". Hayana kivumishi hata kimoja, lakini mkuu wa ofisi akiyasoma atamgeukia wakala wake, na yeye ndiye mwenye haki ya kumkaripia.

Karani wa Enterprise Road

Naongeza moja tu. Weka tarehe mbili ulizozungumza na wakala badala ya "twice" peke yake. Katika faili, tarehe ina nguvu kuliko neno.

Binti Mvita, South C

Na kama palikuwa na mtu aliyesikia ukimwambia, mtaje. Hapo utakuwa umemsuta kwa Kiingereza.

Kijana wa Kayole

Nimeweka tarehe zote mbili, na nimemtaja mlinzi wa lango aliyekuwepo mara ya pili, baada ya kumwomba ruhusa. Nimepiga picha ya mita mchana, namba zinasomeka vizuri. Barua imeondoka saa tisa na nusu.